Kuua chembe za saratani si kuponya mgonjwa

Ndugu msikilizaji, kila baada ya miezi michache vyombo vyetu vya habari hutangaza kwamba watafiti wamegundua mti unaotibu saratani. Mara nyingi mti wenyewe ni ule ule ambao bibi zetu waliujua tangu zamani, wakauchemshia watoto wenye homa au kuutwanga kwa ajili ya vidonda. Habari hiyo hupokewa kwa furaha, na haki yake, kwa maana ugonjwa huu umekwisha kupiga hodi karibu katika kila ukoo. Baada ya wiki mbili habari hupotea. Dawa haionekani hospitalini wala dukani, na watu huanza kuulizana vijiweni ni nani aliyeificha.

Mara nyingi hakuna aliyeificha. Kilichotokea ni kwamba watafiti wamepiga hatua ya kwanza katika safari yenye hatua nyingi, na sisi tuliobaki tumeisikia hatua hiyo ya kwanza kana kwamba ni ya mwisho. Leo nataka tuifuate safari hiyo tangu porini mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Nasema ni jambo la lazima kwa sababu asiyeielewa anaweza kupoteza miezi sita akinywa majani, na kwa mgonjwa wa saratani miezi sita ni mingi mno.

Saratani ni chembe hai za mwili wetu wenyewe ambazo zimeacha kutii. Chembe ya kawaida hugawanyika inapohitajika, kisha hutulia. Chembe ya saratani huendelea kugawanyika bila kukoma, hujenga uvimbe, na baadaye huhamia sehemu nyingine za mwili. Ugumu wa kuitibu unaanzia hapo. Adui si mdudu aliyetoka nje kama wa malaria. Ni ndugu wa damu aliyeharibika tabia, anayefanana sana na ndugu zake wazima. Ukimpiga yeye, ni rahisi kuwapiga na wao.

Sasa mtafiti anaanzaje? Kwanza humwendea mganga au mzee anayeijua miti, akaonyeshwa ni mti gani na hutumika sehemu gani, kama ni jani, gamba au mzizi. Hukata tawi, akalikausha na kulihifadhi katika jumba la kumbukumbu za mimea, kwa sababu jina moja la kienyeji linaweza kuwa la miti mitatu tofauti katika wilaya tatu. Kisha hukausha dawa, huisaga na kuiloweka katika spiriti au maji ili kukamua nguvu yake.

Maji hayo aliyokamua hayapelekwi kwa mgonjwa. Hutiwa katika visahani vidogo vyenye chembe za saratani zilizotolewa kwa mtu na kuoteshwa maabara. Chembe zilizo maarufu kuliko zote duniani zilitoka kwa mama mmoja wa Kimarekani, Henrietta Lacks, aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, nazo zingali zinaoteshwa hadi leo. Baada ya siku mbili au tatu mtafiti huhesabu. Ni chembe ngapi zimekufa? Ilihitajika dawa kiasi gani kuua nusu yake?

Hapo ndipo kichwa cha habari huzaliwa: mti fulani umeua chembe za saratani. Ni kweli kabisa umeziua. Lakini hata jiki ya kufulia ingeziua. Spiriti ingeziua, chumvi nyingi ingeziua, na siki pia. Kuua chembe zilizowekwa ndani ya kisahani si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuua chembe mbaya na kuacha nzuri, ndani ya mwili wenye ini, figo, moyo na damu inayozunguka, kwa kipimo ambacho mgonjwa anaweza kukistahimili.

Kwa hiyo mtafiti mwaminifu huendelea. Hujaribu maji yale yale kwenye chembe nzima zisizo na ugonjwa, aone kama zenyewe zinapona. Hugawanya mchanganyiko wake sehemu baada ya sehemu, akifuata ile yenye nguvu, mpaka apate kitu kimoja kinachofanya kazi. Hukijaribu kwa panya. Ndipo binadamu huingia, na hapo pia ni kwa ngazi. Ngazi ya kwanza hutafuta kipimo kisichodhuru kupita kiasi. Ya pili huangalia kama uvimbe unanywea. Ya tatu huilinganisha dawa hiyo mpya na ile iliyopo tayari, kwa mamia ya wagonjwa. Sehemu kubwa ya dawa huanguka njiani.

Ndugu msikilizaji, nisije nikaeleweka kwamba nadharau miti. Baadhi ya dawa bora za saratani zimetoka kwenye miti. Tuchukue ua moja dogo ambalo wengi wetu tumelipanda uani bila kujua habari zake. Lina petali tano, za rangi ya waridi au nyeupe, huvumilia jua kali na halihitaji matunzo. Asili yake ni kisiwa cha jirani zetu, Madagaska, na wataalamu huliita Catharanthus roseus.

Nchini Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majani hayo yalipelekwa Kanada, akayapokea mtafiti Robert Noble, aliyefanya kazi pamoja na mkemia Charles Beer. Waliwanywesha panya, lakini sukari ya damu haikushuka. Walipowadunga maji ya majani hayo kwenye mishipa, panya walikufa kwa maambukizo. Wengine wangeishia hapo. Wao waliuliza ni kwa nini panya wameshindwa kupigana na vijidudu, wakagundua kwamba chembe nyeupe za damu zao zimeshuka mno. Wakafikiri: kuna saratani ya damu ambayo chembe nyeupe huzidi kupita kiasi. Kinachozishusha kwa panya huenda kikawafaa wagonjwa hao.

Mwaka 1958 walitangaza dawa waliyoipata, vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikilichunguza ua lile lile, ikapata dada yake, vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Dawa hizi huzuia nyuzi ndogo sana ambazo chembe huzitumia kujigawa sehemu mbili. Chembe ikishindwa kugawanyika, hufa.

Matunda yake ni haya. Katika miaka ya 1950 karibu kila mtoto aliyepata saratani kali ya damu alifariki. Leo, kwa vinkristini ikichanganywa na dawa nyingine, watoto wapatao 9 katika kila 10 hupona katika nchi zenye huduma kamili. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, ule uvimbe wa taya kwa watoto ambao daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka 1958, hutibiwa kwa dawa ambazo vinkristini ni mmojawapo.

Je, basi tuchume maua uani na kuyachemsha? La hasha! Kumbukeni panya wa Kanada, walipokunywa na walipodungwa mambo hayakuwa sawa. Isitoshe, inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya dawa, na mgonjwa hupewa miligramu mbili tu au pungufu kwa mara moja, kwenye mshipa wa damu. Ikizidi kidogo huharibu neva, mgonjwa akafa ganzi vidoleni. Ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huua. Hiyo ndiyo dawa ile ile, kutoka ua lile lile. Tofauti kati ya kuponya na kuua ni kipimo na njia.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, nao hauna raha kama huo wa kwanza. Katika vilima vya Shimba, kusini mwa Mombasa, huota kichaka ambacho wataalamu hukiita Maytenus buchananii. Vitabu vya uhifadhi vinaeleza kwamba Wadigo walikuwa wakikitumia kutibu maradhi yanayofanana na saratani. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan wa Marekani alitangaza kwamba amepata kitu kikali mno kutoka kwa mti wa jamii hiyo uliochumwa Ethiopia, akakiita maitansini. Kwa kipimo kidogo ajabu kiliua chembe za saratani na kuwaongezea maisha panya wagonjwa.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji kiasi kikubwa kwa majaribio. Katika miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilikusanywa Shimba, kwa kuwa kilo nzima ya mti mkavu haikutoa hata miligramu mbili za dawa. Waliporudi mara ya pili, walikuta mti haujachipua vya kutosha.

Maitansini ikaingia kwa binadamu. Wagonjwa walitapika na kuharisha vibaya, wakadhoofika, na uvimbe wa wengi haukunywea. Kilichowaokoa panya hakikuwaokoa watu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 majaribio yalikuwa yameachwa.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Watafiti wa Kijapani walikuwa wamegundua mwaka 1977 kwamba kuna kijidudu kinachotengeneza vitu vya jamii ile ile ya maitansini, hivyo haikuwa lazima tena kufyeka vilima. Wengine wakapata wazo la kuifunga sumu hiyo kwenye kinga iliyotengenezwa maabara, ambayo kazi yake ni kuitafuta chembe ya saratani na kuing'ang'ania, kama barua iliyoandikwa anwani. Sumu hufunguliwa ndani ya chembe hiyo, na sehemu nyingine za mwili hupata kidogo tu. Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, trastuzumabu emtansini, kwa aina moja ya saratani ya matiti. Mwaka 2022 ikafuata nyingine kwa saratani ya mfuko wa mayai ya uzazi.

Tupige hesabu. Kutoka 1972 mpaka 2013 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa siku ile maitansini ilipotangazwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake ilipopatikana dawa. Wala huo si ukaidi wa wazungu. Kati ya 1960 na 1982 Taasisi hiyo hiyo ya Marekani ilikusanya sampuli zipatazo 35,000 za mimea, ikakamua na kujaribu vitu zaidi ya 114,000. Majina makubwa yaliyotoka humo ni mawili, taksoli na kamptotesini. Taksoli ilitoka kwenye gamba la mti uliochumwa mwaka 1962 na ikaidhinishwa mwaka 1992. Hiyo ni miaka 30, na fedha zote zile.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu ya bwana mmoja msikilizaji wetu aliyekuja studio mwaka jana, ameshika kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Mke wake alikuwa ameonekana na uvimbe kwenye titi, na daktari amewapangia siku ya upasuaji. Gazeti lilisema mti fulani umeua chembe za saratani ya matiti maabara. Akaniuliza: "Kaka, wewe ni mtu wa habari. Tufute upasuaji tutafute huu mti?"

Nilimwuliza kama habari ile inasema ni mgonjwa gani aliyepona. Akaisoma upya, taratibu, kidole kikifuata mistari. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Panya hawakuwemo. Kulikuwa na visahani tu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe bado." Upasuaji ulifanyika siku ile ile iliyopangwa.

Neno hilo, "kumbe bado", ndilo ninalotaka tulibebe sote. Mti ule unaweza kuwa na dawa ndani yake, ila wakati wake bado. Na uvimbe haungojei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi ikikutwa mapema hutibika. Lakini waulizeni madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, watawaambia kwamba wagonjwa wengi huwafikia ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wapo waliocheleweshwa na nauli, wapo waliocheleweshwa na hofu au aibu, na wapo waliokuwa wanamalizia kwanza chupa za dawa za miti.

Tunakumbuka mwaka 2011, nchi ilipohamia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye alifariki mwaka 2021. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi. Watu walikwenda na saratani, kisukari na ukimwi. Wakati ule serikali ilieleza kwamba uchunguzi umeonyesha dawa hiyo haina madhara kwa mnywaji kwa kipimo kile. Wengi mitaani walisikia kwamba serikali imethibitisha inaponya. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Hata maji ya madafu hayana madhara. Wapo wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa sababu ya kuchanganya maneno hayo mawili, na wapo waliofia kwenye foleni.

Simlaumu mgonjwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Lawama ni yetu sisi tunaoandika na kutangaza, tunapoona neno "maabara" tukalisoma "hospitali". Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisoma au ukisikia habari ya mti unaotibu saratani, jiulize maswali manne. Je, umejaribiwa kwa nani, kwa chembe za kisahani, kwa panya, au kwa binadamu? Kama ni binadamu, walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Je, ni saratani gani, maana saratani si ugonjwa mmoja? Na je, anayekuambia ndiye anayeuza? Habari ikishindwa kujibu maswali hayo, ifurahie kama unavyofurahia mbegu iliyochipua, lakini usikae mezani kungoja chakula.

Na kama tayari unakunywa dawa ya miti, usimfiche daktari. Baadhi ya mimea hulifanya ini liondoe dawa za hospitali haraka mno, zikakosa nguvu, na mingine hulizuia, zikageuka sumu. Daktari hawezi kupima kitu asichoambiwa. Nawaomba na madaktari wasimgombeze mgonjwa anayetaja mitishamba, maana akigombezwa leo, kesho atanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingine aliyemfundisha kuficha ni sisi.

Kuhusu waganga wetu, heshima yao iko palepale. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na Muhimbili kuna Taasisi ya Dawa Asilia ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974. Mganga mwenye dawa anayoiamini hana sababu ya kuogopa kisahani cha maabara. Ana sababu moja tu ya kusita, nayo ni ya haki: atapata nini? Waliojua kichaka cha Shimba kabla ya mtu yeyote kukipa jina la Kilatini hawamo katika orodha ya wagunduzi. Tangu Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, dunia inakubali kwamba wenye mti na wenye ujuzi wa mti wanastahili sehemu ya faida. Makubaliano hayo yaandikwe kabla mfuko wa majani haujapanda ndege.

Tuipe basi miti yetu muda wake, na wataalamu wetu fedha za kuifanyia kazi hatua kwa hatua. Lakini mgonjwa aliye nyumbani leo hana miaka 41. Kama umegusa uvimbe, au unatokwa damu isiyo ya kawaida, au kidonda kimekataa kupona, hospitali ni kesho asubuhi. Mti utakuwepo. Kwa leo naishia hapa.